Namba Iliyopanda Njiani: Ukweli na Nia Tunapotangaza Ukuaji wa Kanisa Mtandaoni

Bwana Yesu asifiwe. Wachungaji na wazee wangu, shikamooni. Wainjilisti, makatibu, wahudumu wa mlangoni, na ninyi vijana wa kamera mliokaa kule nyuma karibu na soketi, habari za asubuhi.

Tuanze na namba moja: 212. Tuseme Jumapili fulani mhudumu wa mlangoni amehesabu watu 212, akaandika kwenye karatasi. Katibu anaingia kwenye grupu la WhatsApp la viongozi: "Leo tulikuwa kama 250, Mungu ni mwema." Moyoni anajiambia watoto huenda hawakuhesabiwa. Walihesabiwa. Jioni mchungaji anapigiwa simu na mwenzake wa jimbo jirani, anamjibu kwamba siku hizi tunakaribia 300. Kijana mwenye nywila ya ukurasa wa Facebook amekaa hapo pembeni, anaisikia hiyo 300. Kwenye bango, 300 peke yake inaonekana pweke, basi anaipachikia alama ya kujumlisha: 300+. Jumatatu saa tatu asubuhi kiungo kinatumwa kwa mfadhili.

Watu 88 wamezaliwa kati ya mlango na simu, na hakuna hata mmoja wa wale watatu waliompokea mhudumu namba, unayeweza kumshika shati ukasema huyu ndiye mwongo. Kila mmoja aliongeza kachumvi kidogo tu, kwa furaha. Uongo mwingi wa takwimu za kanisa hauna baba wa kumtaja. Kwa hiyo kuhubiriana "tusiseme uongo" hakutoshi. Wote watatu wangeitikia amina. Kinachotakiwa ni utaratibu wa kuifanya namba ikishaandikwa isipande tena. Baada ya hapo tubaki na swali gumu zaidi, la kwa nini tulitaka ipande.

Kuhesabu si dhambi, hilo tulimalize mapema. Tuna Kitabu kizima kinaitwa Hesabu. Ezra anaandika waliorudi kutoka utumwani walikuwa 42,360, hakuishia kwenye 42,000. Luka kwenye Matendo anasema siku ya Pentekoste waliongezeka watu "wapata elfu tatu", na sura mbili mbele anasema "kama elfu tano". Angalieni hayo maneno mawili, "wapata" na "kama". Luka hakuwa na hesabu ya mlangoni, akasema hana. Sisi tumebadilisha "wapata" tukaweka "zaidi ya". "Zaidi ya 500" kwenye mabango yetu huwa na maana ya 430 na matumaini. Na Paulo anawaambia Wakorintho kwamba aliwabatiza Krispo na Gayo, halafu anakumbuka na nyumba ya Stefana, halafu anasema zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mtu mwingine. Mtume mzima anakiri kwa maandishi kwamba hana idadi kamili ya watu aliowabatiza! Kama angekuwa na ukurasa, sijui timu yake ya habari ingemvumilia kwa muda gani.

Sasa tuje mlangoni, maana namba ikioza huko, huku juu hakuna wa kuiponya.

Wengi tunahesabu wakati mbaya. Ukihesabu wakati wa sifa, nusu hawajafika na waliofika wanarukaruka. Ukihesabu wakati wa sadaka, mstari unatembea, unamhesabu mama mmoja akienda na akirudi. Wakati mzuri ni kama dakika kumi baada ya mahubiri kuanza: waliochelewa wameshaingia, na wale wa kutoka mapema hawajaanza kutazama saa. Wahesabu wawe wawili, kila mmoja peke yake, mmoja akianzia mbele kushoto, mwingine nyuma kulia, na wasiambiane mpaka wote wamemaliza. Wakipishana kwa zaidi ya watu 5 katika kila 100, warudie. Wakipishana kidogo, andikeni ile ndogo. Najua kuna atakayeuliza kwa nini si wastani. Ni kwa sababu mkono wetu umezoea kuelemea upande mmoja, na ile ndogo inausawazisha kidogo.

Hesabuni vichwa, si mabenchi. Benchi la watu watano, siku ya mvua lina watatu. Siku ya harusi lina saba na mtoto. Penye viti vya plastiki kazi ni nyepesi: unajua mmepanga viti 300, hesabu vile vitupu. Vikiwa 47, walioketi ni 253. Halafu ongeza waliosimama, waliokaa chini, na watoto wa kupakatwa. Kile kihesabio cha chuma cha kubofya kwa kidole gumba ni kizuri ukitembea nacho kati ya safu. Mlangoni kinakudanganya, kwa sababu kinahesabu miguu inayoingia. Aliyekwenda chooni na kurudi ni wawili. Aliyetoka tena kupokea simu sasa ni watatu.

Daftari liwe na safu zake: watu wazima, watoto wa shule ya Jumapili, na walio nje, yaani chini ya turubai, walinzi wa magari, akina mama wanaotuliza watoto, wanaopika chai. Liandikwe kwa kalamu ya wino kabla ya neema, wahesabu wote wawili watie sahihi, na pembeni waandike hali ya siku: mvua, msiba mtaani, likizo ya shule. Yeyote atakayetaja namba ya siku hiyo, iwe madhabahuni, kwenye simu au kwenye posti, aisome hapo. Asikumbuke. Asome.

Wenye ibada mbili wana mtego wao. Ibada ya kwanza 310, ya pili 265, jumla 575, na ndiyo inayokwenda mtandaoni. Lakini kwaya ya watu 38 imeimba zote mbili, wahudumu 14 wamesimama zote mbili, wapiga vyombo 7 hawakutoka kabisa. Hao ni 59 waliohesabiwa mara mbili. Watu waliofika siku hiyo ni 516. Ile 575 ni mahudhurio. Haya maneno mawili, watu na mahudhurio, mkiyatenganisha mtakuwa mmeondoa sehemu kubwa ya tatizo. Mkutano wa injili wa siku tano uliokuwa na 800, 900, 850, 1,000 na 1,050 una mahudhurio 4,600. Ukiandika "watu 4,600 walihudhuria" umesema jambo ambalo hulijui, na pengine watu wenyewe hawakufika 1,500, kwa sababu waliokuja Jumatano wengi ni wale wa Jumanne waliopenda walichokisikia.

Kwenye viwanja ndiko tunakojiachia zaidi, maana huko hakuna viti. Kuna njia ya zamani ya kukadiria umati. Herbert Jacobs, mwandishi wa habari aliyefundisha Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, aliibuni miaka ya 1960 kwa kutazama mikusanyiko ya wanafunzi kwenye uwanja wenye sakafu ya miraba. Alihesabu waliomo kwenye miraba michache, akazidisha kwa idadi ya miraba. Watu wakisimama kwa nafasi, kila mmoja anachukua karibu mita moja ya mraba. Wakibanana kweli, wanakuwa kama wawili na nusu kwa mita hiyo. Basi chukueni hatua zenu mkapime. Uwanja wa shule ya msingi wa mita 60 kwa 40 ni mita za mraba 2,400. Ukijaa kwa kubanana ni watu 6,000, na bado hujatoa jukwaa, spika, na ile nafasi iliyoachwa mbele kwa maombezi. Hata uwanja kamili wa mpira, mita 105 kwa 68, ukibanana kona hadi kona unapata karibu 18,000. Bango likisema "nyomi la 30,000" kwenye uwanja wa shule, hao wengine walisimama kwenye mabega ya wenzao.

Twende kwenye eneo linalouma zaidi, kwa sababu hapa tunahesabu nafsi za watu.

Tuseme mhubiri ametoa wito. Mikono iliyoinuka ni 64. Waliotoka kwenda mbele ni 41. Walioandika majina ni 33. Wiki iliyofuata, namba za simu zilizopatikana ni 21. Waliofika somo la kwanza ni 12. Waliobatizwa baada ya miezi mitatu ni 7. Hizo ni namba sita za jioni moja, zote za kweli. Ile inayokwenda Facebook usiku uleule ni 64, ikiwa na maneno "Roho 64 zimeokolewa."

Mkono ulioinuliwa macho yakiwa yamefumbwa ni kitu gani? Wakati mwingine ni mtu anayemgeukia Mungu. Wakati mwingine ni mshirika wa miaka kumi anayeinua kila wito kwa kuwa wiki yake ilikuwa mbaya. Kuna mtoto aliyemfuata mwenzake. Kuna mgeni aliyedhani anaitwa kuombewa mgongo. Mhubiri anayesema "naona mkono kule, naona mwingine" wakati haoni kitu ili kuwatia moyo wenye haya, huyo tumeshamzoea, lakini mazoea hayaondoi ukweli kwamba anasema asichokiona.

Dawa ni kutumia kitenzi kinacholingana na ulichokiona. Andika "watu 33 waliandika majina wakiomba kufuatiliwa." Usiku huo hujui zaidi ya hapo, na sentensi hiyo haina haja ya kusahihishwa milele. Miezi mitatu baadaye andika tena: "Katika wale 33, 7 wamebatizwa leo." Wengi hawaiandiki hii ya pili. Wanaona 7 inaaibisha ile 33. Mimi naona kinyume: posti ya 7 ndiyo pekee inayoonyesha kwamba kuna mtu alipiga simu, akatembelea, akafundisha kwa wiki kumi na mbili.

Namba ya mwaka ina ujanja wake wa kimya, na wanaoufanya mara nyingi ni waaminifu kabisa. Kanisa limeanza Januari na washirika 420. Limebatiza 36, limepokea 22 waliohamia. Desemba linaandika: "Mwaka huu Bwana ametuongezea 58!" Kweli tupu. Lakini mwaka huohuo waliohama ni 31, waliofariki 5, na 18 hawajaonekana kwa miezi sita na hakuna anayejua walipo. 420 ongeza 58, toa 31, toa 5, toa 18. Unabaki na 424. Kanisa limeongezeka kwa watu 4. Mlango wa mbele umeandikwa, wa nyuma haukuandikwa.

Na wale 22 waliohamia wametoka wapi? Kama ni wanafunzi wa chuo au watumishi waliopangiwa kazi mjini, sawa. Kama 15 kati yao walitoka kanisa la barabara ya pili baada ya mgogoro, basi ukuaji huo wenzenu wameuita msiba, na leo wameuona kwenye simu zao ukiwa na muziki chini yake. Gawanyeni kwenye taarifa: waliobatizwa, waliohamia, waliozaliwa. Msiyachanganye kwenye chungu kimoja. Na asilimia kaeni nazo mbali mpaka mmetaja mlikoanzia. Kutoka 20 hadi 40 ni ongezeko la asilimia 100, na bado mnatosha kwenye Coaster na nusu. Linganisheni pia Jumapili na Jumapili mwenzake: wastani wa Jumapili 13 za robo hii na 13 za robo kama hiyo mwaka jana. Anayelinganisha Pasaka na Jumapili ya katikati ya masika ataona uamsho kila Aprili na kurudi nyuma kila Mei.

Sasa vijana wa kamera, zamu yenu.

Picha nayo ni namba. Lenzi ya kuvuta, ukiiweka mbele kwa usawa wa macho, inabananisha safu. Vichwa vinalaliana na nafasi kati ya viti inatoweka. Watu 90 wanaonekana kama bahari. Ile pana, ukiwa juu nyuma, inaonyesha kila kiti kitupu. Hakuna anayewalazimisha kupiga ile inayowadhalilisha. Ninachoomba ni hiki: chagueni sehemu moja, tuseme kona ya roshani au juu ya ngazi ya kulia, na lenzi ileile, na mara moja kila mwezi pigeni hapo dakika ileile ya ibada. Hiyo iwe picha ya kumbukumbu. Picha nyingine zote ziwe za nyuso, za kwaya, za bibi anayecheka. Zinapendeza zaidi na hazidai chochote kuhusu idadi.

Picha ya Pasaka isitumike Agosti. Picha ya kongamano la kanisa lingine isitumike kamwe. Mtu akiiweka kwenye Google Lens anaipata ya asili ndani ya dakika moja. Kuwaambia watu "sogeeni mbele" ili mhubiri asihubirie ukumbi mtupu ni adabu nzuri. Kuwasogeza ili fremu ijae, halafu ukaandika "kanisa limetapika", hapo picha imeshuhudia uongo. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazojaza viti kwa watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Hilo sina haja ya kulifafanua.

Kabla ya kupandisha uso wa mtu, muulize. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zote zinahesabu imani na afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Aliyekwenda mbele analia, mtoto aliyebatizwa, mgonjwa aliyeombewa, na hasa aliyetoka dini nyingine ambaye nyumbani bado hawajui: picha yake kwako ni ushuhuda, kwake inaweza kuwa kufukuzwa nyumbani usiku huohuo. Asiyeweza kusema hapana kwa sababu mchungaji amesimama mbele yake hajakubali. Muulize kesho yake, kwa simu, na mtoto umuulize mzazi.

Kuhusu watazamaji wa mubashara, kila mtandao una maana yake ya "kutazama". Facebook kwa miaka mingi ilihesabu sekunde 3. TikTok huhesabu video ikianza tu kucheza, na video fupi za YouTube nazo tangu 31 Machi 2025 zinahesabiwa zikianza, bila kungoja mtu akae. Kidole kikipita, umeshaongezewa mmoja. Hata wenyewe hujichanganya: Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama iliokuwa ikiwapa wenye matangazo ulikuwa umevimba, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde 3 waliondolewa kwenye idadi ya watu waliogawanyiwa muda huo. Kwa hiyo "watu 12,000 wameshiriki ibada nasi" si tafsiri ya "12,000" iliyoandikwa chini ya video. Fungueni takwimu za ukurasa wenu mkaangalie vitu viwili: idadi ya juu ya waliokuwa wanatazama kwa wakati mmoja, na wastani wa dakika. Mkikuta 46 kwa wakati mmoja na wastani wa dakika 4 kwenye ibada ya saa mbili na nusu, hiyo ndiyo ibada yenu ya mtandaoni. Ni kweli nyuma ya simu moja inaweza kukaa familia ya watu sita. Inaweza pia kukaa sufuria ya ugali na mtu aliyekwenda kuchota maji. Usizidishe kwa namba uliyoitunga.

Wafuasi wa kununua hawahitaji maelezo marefu: ukurasa una wafuasi 80,000, posti ya msiba wa mzee wa kanisa ina pole 9. Kila mtu anaona. Kuwaomba washirika wasambaze video si kosa. Kosa ni kuwaagiza viongozi 60 wabonyeze kwa dakika moja, kisha ukawaambia watu "angalieni dunia inavyoitikia."

Mwaka 2014 ilifahamika kwamba Mars Hill Church ya Seattle, Marekani, ililipa kampuni ili kitabu cha mchungaji wake kiongozi, Mark Driscoll, kiingie kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana. Mchungaji huyo aliwaandikia washirika barua, akasema haoni tena kwamba njia ile ilikuwa sahihi, na akaahidi kukaa nje ya mitandao ya kijamii hadi mwisho wa mwaka. Oktoba alijiuzulu kufuatia malalamiko mengine mengi ya uongozi, na mwanzoni mwa 2015 kanisa lile lenye matawi zaidi ya kumi likawa halipo tena. Namtaja kwa ajili ya jambo moja: vitabu vilinunuliwa kweli. Risiti zilikuwepo. Kilichodanganya ni maana ambayo namba ilipewa, kwamba wasomaji wengi wamekipenda.

Anania na Safira nao walileta fedha halisi. Shamba liliuzwa, sehemu ya noti ikawekwa miguuni pa mitume kana kwamba ndiyo yote. Petro anamuuliza Anania swali ambalo tunalipita haraka: kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako? Yaani nani alikulazimisha? Hakuna aliyedai shamba zima. Ndivyo ilivyo na posti. Hakuna kifungu cha katiba ya kanisa kinachosema lazima Jumapili jioni kuwe na bango lenye namba. Tunajitolea wenyewe kutangaza, na tunatangaza sehemu kwa jina la yote.

Basi nia. Moyo wa mtu ni kichaka, lakini kuna mahali unachungulia, nao ni kwenye viambishi vya maelezo yetu. "Nimebatiza 18." "Tumebatiza 18." "Mungu ametuongezea 18." Huyo wa kwanza tunamsema kwa majivuno, huyo wa tatu tunamwona mnyenyekevu. Sina hakika. Kuna "Mungu ametenda" nyingi ambazo Mungu amewekwa mbele kama turubai na nyuma yake "mimi" imekaa kwenye kivuli. Na kuna sentensi yetu maarufu, "sisi si kitu, ila Bwana ametupa 1,200." Kama si kitu, namba ilikuwa ya nini?

Nina maswali machache ninayowapa makatibu wa habari kabla hawajabonyeza. Je, kanisa jirani lingepata 18, ungesambaza bango lao kwenye ukurasa wako? Mwaka jana mlipopungua, mliandika nini? Posti hii umeiandika ukiwaza sura ya nani: wale 18, au mchungaji fulani ambaye unajua ataiona? Yoabu, mtu wa vita asiye na utakatifu wa kutisha, alimuuliza Daudi swali hilohilo alipoagizwa kuhesabu watu: mbona bwana wangu mfalme unalitaka jambo hili? Sensa ilichukua miezi tisa na siku ishirini, na majibu yaliyoletwa yalikuwa hesabu ya wanaume wenye kushika upanga. Wajane hawamo. Watoto hawamo. Unachochagua kuhesabu kinasema ulikuwa unaandaa nini. Mchungaji wa mfano wa Yesu naye alikuwa na hesabu, maana asingejua wamebaki 99. Aliihitaji ili aende porini kumtafuta yule mmoja aliyepotea.

Ninajua shinikizo linatoka wapi pia, tusijifanye hatujui. Mwinjilisti aliyetumwa wilayani anaishi kwa msaada wa kila mwezi, na fomu ya robo mwaka ina kisanduku cha "waliookoka". Akijaza 3 kwa robo mbili, anaogopa. Kanisa moja la kijijini lililosaidiwa na wafadhili watatu, mmoja kwa bati, mmoja kwa baiskeli, mmoja kwa mafunzo, linaonekana kwenye ripoti tatu kama makanisa matatu mapya. Wazee wa jimbo, mnaopokea ripoti hizo, tengeni kisanduku cha "waliotembelewa" na cha "walioacha", na robo ile yenye 3 mmpigie mwinjilisti simu ya pole na ushauri kabla ya simu ya fedha. Mkimpongeza tu mwenye kubwa, mtaletewa kubwa.

Na namba ya watu ikikaa juu ya namba ya M-Pesa, mambo yamebadilika kabisa. Hapo si ushuhuda tena. Ni maelezo ya mradi. Mtu anatoa 20,000 kwa ajili ya ukumbi kwa sababu umemwambia watu 300 wanasali juani. Kama ni 212, na 160 kati yao wana kivuli, umepokea fedha kwa maelezo yasiyo ya kweli, na sipendi kutumia neno ambalo polisi hutumia, lakini mnalijua. Kanuni yangu ni kali: posti yenye ombi la fedha haipandi mpaka mweka hazina ameweka sahihi kwenye daftari la mahudhurio, si kwenye bango.

Mwisho ni kusahihisha, kwa sababu hata kwa utaratibu huu mtakosea. Msifute posti kimyakimya. Waliopiga picha skrini wanayo. Hariri maelezo palepale juu: "Marekebisho, 14 Mei: tuliandika 300+. Hesabu ya daftari ilikuwa 212. Tunaomba radhi." Hakuna haja ya aya nzima kuhusu udhaifu wa mwanadamu. Bango lenyewe libadilishwe. Wote mliowatumia kiungo moja kwa moja, mfadhili akiwa wa kwanza, watumiwe marekebisho kwa njia ileile, siku ileile. Jumapili inayofuata katibu asome sentensi hiyohiyo kwenye matangazo, kati ya tangazo la kwaya na la harusi, kwa sauti ya kawaida. Watakuja wa kucheka kwenye maoni. Msifunge maoni.

Wahudumu wa mlangoni, fomu za mfano ziko mezani pale kwenye maji, chukueni mbili mbili. Vijana, picha ya leo pigeni kutoka kwenye ngazi, kwa lenzi pana, na mwandike 71, maana ndio tuliomo. Katibu kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja M-Pesa. Karibu, mpeni kipaza sauti.